Kipande cha Utumbo kwa Yusta

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2012, Mganga Mfawidhi wa hospitali moja Kibondo alinikabidhi wodi ya upasuaji akisema, "Maswali ya chuo yaache getini." Sikuyaacha. Nyinyi madaktari mnaoanza kazi leo mtaamua kama nilikosea.

Mwaka uliofuata aliletwa Yusta, mkulima wa Busunzu, ana msokoto wa utumbo: utumbo umejizungusha, damu haipiti tena. Tulipompasua, karibu utumbo mwembamba wote ulikuwa mweusi. Tuliukata. Uliobaki haukufika urefu wa mkono wangu.

Wodini kwetu, mgonjwa aliyemaliza bakuli aliandikwa "anaendelea vizuri". Yusta alimaliza uji, ugali, maharage, akaomba tena. Faili lilimsifu, mzani ukamkana. Chakula kilipita tu. Hapakuwa na utumbo wa kukifyonza. Nikahoji.

"Niandike nini?" alisema Mfawidhi. "Kwamba anakufa njaa huku anatafuna?"

Yusta alihitaji lishe kamili ya mshipani, nasi tulikuwa na dripu za chumvi na sukari. Au apandikizwe utumbo wa mtu mwingine. Sikumjua daktari yeyote nchini aliyefanya upasuaji huo. Kunyamaza niliona ni uongo. Nikamweleza Yusta na mama yake, aliyetoka Kitanga, kwamba ng'ambo hupandikiza hata kipande cha utumbo wa ndugu. Nikajisifu kwa ukweli wangu.

Siku mbili baadaye nilimkuta mama kwenye benchi la chumba cha upasuaji, kanga safi, mikono mapajani.

"Mwakeye, daktari," alinisalimu kwa Kiha. "Niko tayari."

"Tayari kwa nini, mama?"

"Sijala tangu juzi. Sista husema anayepasuliwa asile. Kata wangu, umpe."

Nilimshika mkono hadi kitandani kwa Yusta, nikawaambia wote wawili: hapa haiwezekani, na kufika huko hatuna njia.

Yusta akajaribu kucheka. "Afadhali, mama. Utumbo wako umezoea mihogo, ungenitesa."

Mama hakucheka. "Sasa daktari, ulituambia ili iweje?"

Yusta alikufa kabla maharage ya msimu ule hayajaiva. Nilihamishiwa Kasulu. Huko Daktari Kiongozi alinisifu kwa utulivu wangu: sikuuliza kitu tena. Mwaka 2015 niliacha kazi, bado kijana. Swali la mama sijalijibu.

Siku ile aliponiuliza, nilimletea mama chai na maandazi. Akavisogeza pembeni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huenda kesho mkapata njia."