Uzito wa Theluji Uliosogea Mstari Mmoja

Vuli ile ukuta wa nyuma wa chumba chetu cha sayansi ulibaki na pengo. Kazi nyingine zote zilirudi kutoka kwenye maonyesho ya wilaya zikatundikwa. Ya Wakui Chizuru haikurudi. Aliikunja mwenyewe, akaondoka nayo, na hakuna aliyethubutu kutundika kitu pale. Tulipapita kama ulimi unavyopita penye jino lililong'oka.

Tulikuwa darasa moja, mwaka wa mwisho kabla ya kugawanywa kwenye shule mbalimbali. Baba yake, mfumaji wa hariri hapa mjini kwetu Tokamachi, alikuwa amemwekea sharti: kazi yake ya likizo ikipita wilayani na kufika mkoani, ataruhusiwa kufanya mtihani wa chuo cha ufundi mjini Nagaoka. Isipopita, atasoma biashara hapa nyumbani kama shangazi zake. Chizuru alikubali, akaanza kazi.

Kwetu theluji hupanda hadi dirisha la juu. Ukichelewa kuiparua theluji paani, nguzo huanza kulia na milango hukataa kufunguka. Majira yote ya baridi Chizuru alikuwa amepima kina cha theluji na baridi ya asubuhi. Sasa alitaka kompyuta ikokotoe uzito wa paa siku kwa siku, imwambie mwenye nyumba lini apande na koleo lake.

Kompyuta hakuwa nayo. Aliandika programu kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, na kila alasiri ya likizo akaenda nayo kwenye duka la vifaa vya umeme mbele ya stesheni, ambako moja ilikuwa imewekwa ya maonyesho.

"Leo unanunua, mdogo wangu?" Tamaki, muuzaji, alikuwa akimuuliza.

"Bado nachagua, kaka."

"Chagua taratibu. Ila akija mtu mwenye pochi, wewe ni binamu yangu, umekuja kunisalimu."

Nyuma ya Chizuru vijana walisubiri zamu wacheze michezo ya kulenga ndege.

"Wakui, theluji imeyeyuka tangu Aprili. Hujaambiwa?"

"Ngoja ikuangukie kichwani, ndipo utaniuliza uzito wake," alijibu bila kugeuka.

Programu aliihifadhi kwenye kaseti, kama kompyuta za enzi hizo zilivyotaka, na mara nyingi kaseti iligoma kusomwa. Alianza kuchapa upya mstari wa kwanza, huku wale vijana wakiguna. Hadi jioni moja namba zilikubali: siku ambayo kompyuta ilisema paa lilielemewa kuliko zote ndiyo siku mlango wa jirani yao ulipokwama. Tamaki alimchapishia matokeo kwenye karatasi nyembamba, ndefu kama utepe.

Mwalimu Hoshino, wa sayansi, aliushika utepe ule kwa vidole viwili.

"Hii ni risiti ya sokoni, Wakui. Waamuzi wanataka kuona mkono wa mwanafunzi. Nakili yote kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu."

"Namba zimeshachapwa vizuri, Mwalimu."

"Ndiyo maana. Hazionyeshi jasho."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kilichoandikwa kwa mkono kina moyo, kilichochapwa kimetoka dukani. Chizuru akanakili, namba ndogo juu ya namba ndogo, mpaka mkono ukafa ganzi. Alipofika tarehe za katikati ya Februari aliruka mstari mmoja. Kuanzia hapo kila uzito ulipanda mstari mmoja, ukakaa kwenye tarehe isiyo yake.

Siku ya maonyesho baba yake alisimama nyuma, kofia mkononi. Mwamuzi, Mzee Igarashi, mwalimu mkuu mstaafu aliyeparua mapaa maisha yake yote, aliweka kidole katikati ya Februari.

"Siku hii lilichomoza jua. Nakumbuka, nilianika magodoro. Paa langu liliongezeka uzito kwa kitu gani, binti?"

Chizuru alitazama. Tuliona shingo yake ikibadilika rangi. Akaingiza mkono mfukoni, kwenye ule utepe.

"Samahani, Mzee, nimeruka mstari nikinakili. Hapa kwenye—"

"Wakui," Mwalimu Hoshino alisema chini chini. "Inama."

"Lakini Mwalimu, namba sahihi ninazo."

"Mwamuzi habishiwi. Inama."

Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshainama, akiomba radhi kwa niaba ya shule. Chizuru akainama kando yake, utepe ukiwa umefumbatwa kiganjani. Mzee Igarashi alitikisa kichwa kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko matusi.

"Mashine haijawahi kushika koleo," alisema, akahamia meza iliyofuata, ya mkusanyiko wa mbawakawa.

Nje, baba yake Chizuru alivaa kofia yake.

"Basi mashine imekosea."

"Haikukosea, baba. Ni mkono wangu."

"Basi ni huo mkono ambao hauendi Nagaoka."

Alisema kama mzaha, na hakulitengua neno hilo. Chizuru alimfunulia utepe hapo hapo barabarani, akamwonyesha mstari alioruka. Baba aliusoma wote, kwa makini, kama mtu anayekagua nyuzi. Akamrudishia.

"Ni sahihi," alisema. "Lakini wameshaamua."

Aprili iliyofuata Chizuru aliingia shule ya biashara hapa nyumbani, kama baba alivyosema. Sasa anaishi mji wa Kanazawa, anapima macho na kuuza miwani.