Mbuzi ya Nazi ya Bibi

Juzi nimelala Birkat al Mauz, mji wetu huku Omani, kama mgeni, tena mgeni wa kulipiwa, ukuta wa pili kutoka chumba nilichokulia. Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka. Nyumba za udongo za mtaa wetu wa zamani zimefanywa nyumba ya kulala wageni, na sasa wenyewe wanaitaka na ya bibi waiunganishe na zao. Ndugu zangu wote washakubali kuuza. Nimebaki mimi. Basi mdogo wangu kaona nikilazwa usiku mmoja kwenye mito ile, nitalainika.

Pazuri, sikatai. Kuta zimekandikwa upya, na chini ya dirisha maji ya falaji yanapita kwenye mfereji wake kwenda migombani, vile vile kama zamani. Chumba nilichopewa kilikuwa ghala ya tende ya jirani yetu. Nilizinusa kuta nikiitafuta ile harufu nzito ya asali ya tende, nikapata harufu ya sabuni.

Asubuhi nikashuka kunywa kahawa, na ukumbini nikaiona. Mbuzi ya bibi! Ile ile ya kukunia nazi, mguu mmoja umefungwa waya. Imewekwa juu ya meza, imebebeshwa kitabu kikubwa cha picha za ngome. Kijana wa mapokezi akanieleza kwa Kiarabu safi kwamba wanazuoni wa kale walikuwa wakisomea vitabu juu yake, na kile chuma chenye meno kilikuwa cha kuning'inizia taa. Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Kisha nikapandwa na hasira.

Sikiliza nikwambie. Bibi alipotoka Unguja, wenzake walificha dhahabu kwenye mizigo yao. Yeye alifunga mbuzi ndani ya kanga. Wanawake wa huku walimcheka, mji wa tende na nazi wapi na wapi. "Nimehama mimi," akiwajibu, "tumbo langu halijahama." Nazi zilikuja kwa lori kutoka Salala hadi sokoni Nizwa, na siku zilipofika bibi alikaa uani, sisi watoto tumemzunguka kugombea machicha. Nikipewa zamu ya kukuna, akinionya: "Usifike kwenye kifuu, mwanangu, utanitia weusi kwenye tui."

Jirani, mwanamke wa pale pale mlimani ambaye bahari hajaiona, aliusikia mkwaruzo ule akachungulia kutoka darini kwake. Akaonjeshwa wali. Toka siku hiyo mbuzi ikawa ya nyumba mbili. Kila Ijumaa niliipitisha mimi juu ya madari, na jioni ikarudi na sahani iliyofunikwa. Bibi alipofariki, mbuzi ilikuwa kwa jirani, imeazimwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuidai.

Na moto! Hata baada ya kuletewa jiko la gesi, bibi hakuacha kuwasha kuni kila siku, joto la kukausha mate lile. "Nyumba isiyowashwa moto silali mimi," akisema, na moshi ukitutoa machozi sote.

Basi mdogo wangu alipokuja kuchukua jibu langu, nikamtuma dukani kwa nazi. Alidhani nimeshalainika, akenda mbio. Nikakiondoa kitabu, nikaiteremsha mbuzi, nikaikalia katikati ya ukumbi na wageni wao, nikakuna. Meno bado makali, wallahi. Kijana wa mapokezi akaja amefadhaika, ananisihi niirudishe mezani. Nikamwambia hii ni ya nyumba ya pili, iliazimwa tu, na leo inarudi.

Nikatoka nayo kwapani, bakuli la nazi mkononi. Kichochoro kilikuwa kimya. Hakuna anayechungulia darini, hakuna sahani inayopita, na watoto wetu nazi wanaijua ya kopo. Nilitembea nikilia, lakini sikupunguza mwendo.

Mdogo wangu akanifuata mbio. "Da', unakwenda wapi? Unatutia aibu! Watu wanangoja jibu."

"Jibu ndo hili. Siuzi."

"Khalas, usiuze! Lakini utapika wapi? Jiko la bibi halina paa tena!"

"Vizuri," nikamwambia, nikausukuma mlango wa bibi kwa bega. "Moshi utapata pa kutokea."