Mwanasha na Bao la Kidawa

Mwanasha binti Shamte wa Kiegeani alizaa watoto watatu: wavulana wawili waliokaa pale walipowekwa, na msichana mmoja, Kidawa, ambaye hakukaa popote. Naandika habari za mwaka mmoja tu wa maisha ya mama huyu, mwaka wa tatu baada ya Azimio la Arusha. Mwaka ule karibu kila mtu mzima wa kijiji chetu alimfundisha namna ya kumlea mtoto wake, na karibu wote hawakujua walisemalo.

Kidawa alikuwa hivi. Akitumwa kisimani, ndoo ilionekana chini ya mnazi katikati ya njia na mwenyewe yuko juu ya mkorosho wa watu. Akipewa mchele auchambue, alichambua upande mmoja wa ungo, upande wa pili akawaachia kuku. Darasani alisimama wenzake walipokaa, akajibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, na swali lililofuata hakulisikia kabisa. Hakuwa mkorofi. Akigombezwa alilia kwa dhati, akafuta machozi, akarudia lile lile.

Kitu kimoja kilimtuliza, nacho ni bao. Alifundishwa na baba yake, Kitwana, na kufika Darasa la Nne alikuwa akiwafunga watu wazima. Mbele ya bao alichutama toka sala ya adhuhuri hadi alasiri bila kufukuza nzi. Njaa hakuisikia. Mara nyingine hata haja ndogo ilimshinda hapo hapo, naye hakuondoa macho kwenye kete.

Hapo ndipo wenye akili walipopata ushahidi wao. Mwalimu Shaibu, mwalimu mkuu, alipita siku moja akamkuta Kidawa yuko kimya juu ya bao. Akamwita Mwanasha atoke nje aone.

"Unamwona? Kumbe anaweza kutulia akitaka. Shuleni hataki. Hiyo ni jeuri, mama Kidawa, na jeuri ina dawa."

Sentensi hiyo, "anaweza akitaka", niliisikia baadaye kwa shangazi wa mtoto, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa watu ambao hata kufunga mlango wao wenyewe huwashinda. Kila mmoja aliitamka kama vile ameigundua yeye. Hakuna aliyejiuliza kama mtoto alikuwa anataka. Bao lilimchukua kama maji ya mkondo yanavyochukua kifuu, na pasipo na bao kila kitu kingine kilimvuta: ndege, sauti, kivuli cha mtu dirishani. Mwalimu Shaibu alisoma chuo miaka miwili akarudi na dawa moja, fimbo ya mkwaju. Ilipokosa kuponya, aliongeza kipimo.

Kitwana alikuwa mjinga wa aina nyingine. Kazi yake ilikuwa uvuvi, lakini bahari haikumwona sana. Msimu ule wavuvi kutoka wilaya nyingine za pwani walikuwa wamepiga dago, yaani kambi yao ya muda, karibu na kijiji, na Kitwana alishinda kwao kuanzia asubuhi akicheza bao. Walipomzidi mchezoni alikwenda kumchukua binti yake, hata ikiwa ni saa za shule, akamwonyesha kama mtu anayeonyesha jogoo.

"Haya, nani anataka kufungwa na mtoto wa kike?" aliuliza. Kisha jioni, mtoto akikataa kuacha mchezo, alikuwa wa kwanza kusema kwamba Mwanasha ameshindwa kulea.

Mwanasha naye alianza kwa kosa. Aliambiwa dawa ni kuliondoa bao kabisa, akakubali. Alilichoma bao la mti jikoni, na kete za komwe akazitupa chooni. Kidawa akachimba mashimo yake uani, akayaweka mavi ya mbuzi yaliyokauka badala ya kete. Yalipofukiwa, alichimba mengine nyuma ya msikiti, kisha chini ya kichanja cha kukaushia nazi, na mwisho akahamia dagoni moja kwa moja, akawa harudi mpaka akafuatwe. Kumtoa hapo kulikuwa vita. Aliuma, alipiga teke, na mara moja alimrushia mama yake mchanga wa macho mbele ya wavuvi, nao wakacheka.

Baada ya hapo Mwanasha hakumwuliza mtu tena. Alitafuta kete nyingine, akamwachia mtoto achimbe bao lake uani, mbele ya mlango, na yeye akaketi kizingitini na ukili wake. Huo ndio ususi wa miyaa wanaoufanya wanawake wetu kupata mikeka, kazi ambayo mikono huifanya yenyewe na macho yakabaki huru. Siku nyingi alisuka na kutazama. Bao alikuwa halijui, alilichukia tu. Lakini aliona kitu ambacho mumewe, aliyelicheza tangu kupata meno, hakupata kukiona.

Bao la kwetu lina sehemu mbili. Kwanza mchezaji ananamua: kete nyingine ziko mkononi, na kila zamu anaingiza moja. Zile za mkononi zikiisha, ndipo watu wanacheza mtaji, kwa kete zilizo mashimoni tu. Mwanasha aliona kwamba kete ya mwisho ilipotoka mkononi, Kidawa aliinua kichwa. Alitazama huku na huku, akajikuna, akakumbuka kwamba ana kiu. Muda ule ulikuwa mfupi, na kabla ya hapo hata moto usingemwondoa. Watu wote walikuwa wakimkamata katikati ya kunamua, ndiyo maana aliuma.

Mwanasha akaanza kumwita wakati huo tu. "Kidawa, mkono umekwisha. Ondoka, bao lako halina mtu wa kuligusa." Alilifunika kwa ungo mbele ya macho yake. Mtoto alikwenda kuteka maji, akarudi akapewa daftari. Naye hakumwacha na daftari tupu: alimpa miyaa asuke huku akisoma majedwali ya hesabu kwa sauti. Mikono ikishughulika, mdomo ulifuata. Kazi ikiisha, ungo ulifunuliwa na mtaji ukachezwa. Siku mbaya zilikuwepo, tena nyingi. Lakini mchanga haukurushwa tena, na ndoo zikaanza kufika nyumbani zikiwa na maji.

Shuleni hali haikubadilika, kwa sababu kule hapakuwa na Mwanasha. Mwalimu Shaibu akaamua kumaliza. Aliitisha kamati ya shule, mwenyekiti wa kijiji akiwa mkuu wa kikao, akapendekeza Kidawa afutwe. Mtihani wa kuingia Darasa la Tano ulikuwa mbele, na asingependa, alisema, mtoto mmoja awaharibie wengine. Kwa mtoto wa kike wa Kiegeani kufutwa kulikuwa na maana moja: angekaa ndani, na baada ya muda usio mrefu angekuja mtu kumposa. Mwanasha mwenyewe ndivyo alivyoacha shule. Alijua vizuri anachogombania.

Kikao kilifanyika darasani. Kitwana alikuja, akakaa nyuma, akasinzia.

"Shikamooni," alisema Mwanasha. "Mimi sina maneno mengi. Naomba mtoto akae nyuma, karibu na mlango, na mwalimu anapoeleza somo, aruhusiwe kusuka ukili."

Mwalimu Shaibu alicheka puani. "Mama Kidawa, hili ni darasa. Si karakana ya mikeka."

"Akisuka, anasikia."

"Wenzake wanasikia bila kusuka."

"Wenzake sikuwazaa mimi, mwalimu. Huyu ndiye niliyemleta."

Mwenyekiti alikuwa ameshatazama mlangoni mara kadhaa, kwa kuwa na yeye alikuwa na bao lake lililomngoja kivulini kwa jirani. Tangu Azimio litoke alikuwa amekariri maneno machache, na akiyapata mahali pa kuyapachika huyapachika. Sasa akapaona.

"Kusuka ukili ni kazi au si kazi?" aliuliza.

"Ni kazi, mwenyekiti," wajumbe walijibu.

"Basi hiyo ni elimu ya kujitegemea. Mwalimu, wewe unapinga elimu ya kujitegemea?"

Mwalimu Shaibu, aliyekuwa tayari kumpinga mama yeyote duniani, hakuwa tayari kupinga hilo. Ikapitishwa. Kidawa asuke, na ukili uwe mali ya kijiji, ushonwe mkeka wa ofisi ya mwenyekiti. Mwalimu akaingiza sharti lake ili asitoke mikono mitupu: mtoto akikosa mtihani, au akitoka chumbani kabla haujakwisha, jina lifutwe siku hiyo hiyo. Nalo likapitishwa, kwa kuwa watu walishasimama. Hivyo ndivyo haki ilivyopatikana Kiegeani mwaka ule. Hakuna aliyefikiri jambo lolote isipokuwa mwanamke mmoja, na yeye hakupiga kura.

Kuhusu ukili naeleza kwa ufupi. Ulisaidia. Mwalimu Shaibu aliona kwamba umesaidia, akakunja uso.

Siku ya mtihani ilikuwa pia siku ambayo dago linavunjwa. Wavuvi walikuwa wameshapakia nyavu na masufuria, wanangoja maji yajae. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Ussi, bingwa wao wa bao, ambaye hajapata kucheza na Kidawa. Kitwana alikuwa amewaahidi watacheza kabla ya kuondoka. Kwamba siku hiyo ni ya mtihani alijua. Aliambiwa jana yake, aliambiwa na asubuhi. Akaja shuleni hivyo hivyo, amefunga kete katika pembe ya shuka, Ussi nyuma yake.

Mwanasha alikuwa ameketi ukutani kwa nje, kivulini, mbali kidogo na dirisha.

"Nitolee huyo mtoto," alisema Kitwana. "Tunacheza moja tu. Atarudi."

"Akitoka amefutwa."

"Nani atamfuta? Mimi ndiye babake."

"Baba Kidawa, mgeni anakutazama. Usijivue nguo."

Kitwana alisogea dirishani, akazitikisa kete ngumini. Sauti ile ya komwe zikigongana kila mtu anaijua. Ndani, Kidawa aligeuza kichwa. Mwalimu Shaibu aliona, na badala ya kumfukuza mtu mzima dirishani alisimama akimtazama mtoto, akingoja ainuke.

Mwanasha hakupiga kelele. Alimshika mumewe mkono wenye kete, akamvuta pembeni kama anayemwita kula, akapiga magoti, akachimba mashimo mchangani kwa vidole.

"Unataka kucheza, nicheze na wewe. Nifunge mimi kwanza."

"Wewe?" Kitwana alicheka. "Wewe unajua nini?"

"Kama sijui, utamaliza upesi."

"Shemeji amekuita uwanjani," alisema Ussi. "Ukikimbia nitakwenda kuwahadithia kwetu."

Kitwana akachutama. Mwanasha aligawa kete polepole, zikawa hazikulingana, akazikusanya akagawa upya. Alinamua vibaya, na kwa kila kete alifikiri kama mtu anayeamua urithi. Kitwana alimsuta, akamfundisha, akamkemea. Baada ya muda aliacha kusema. Uso wake ukashuka kwenye mashimo, na Ussi naye akachutama upande wa pili, akaanza kumnong'oneza Mwanasha: pale, kula pale, ukiacha hapo ataingia nyumbani mwako. Mkono ulikwisha. Mwanasha alimtazama mumewe aone kama atainua kichwa. Hakuinua. Aliingia kwenye mtaji bila kuvuta pumzi.

Kutoka kwenye maji mtu alipiga mbiu ya kumwita Ussi. Ussi alisema, "Naja," wala hakusogea.

Hao walikuwa wanaume wawili wenye ndevu. Hakuna kamati iliyowahi kukaa kwa ajili yao. Hakuna aliyewahi kusimama juu yao akasema wanaweza kuacha wakitaka.

Kengele ya shule, kipande cha reli kilichoning'inizwa, ikapigwa. Watoto wakatoka. Kidawa alitoka wa mwisho, vidole vimejaa wino, na kwa mara ya kwanza hakukimbia.

"Nimejaza yote," alimwambia mama yake. "La mwisho sikulijua. Nimeandika hivyo hivyo."

"Umekaa mpaka mwisho?"

"Nimekaa. Mguu umekufa ganzi."

Mwanasha akasimama, akakung'uta mchanga kwenye kanga.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Kitwana, bila kumtazama yeye wala binti yake. "Hatujamaliza."

"Maliza na mgeni wako."

"Mtu haondoki katikati ya mtaji, Mwanasha. Kaa chini."

"Mimi naondoka," alisema, akamshika mtoto mkono, wakashika njia ya nyumbani. Ussi akaingia mahali pake pale pale, na chombo chao ikabidi kimngoje mpaka wenzake walipokuja kumtoa kwa matusi.

Kidawa alipita. Hakuwa wa kwanza wala karibu na wa kwanza, lakini jina lake lilisomwa, na mwaka uliofuata aliingia Darasa la Tano. Mwalimu Shaibu aliwaeleza wageni wa wilaya kwamba mtoto yule alikuwa mtukutu, lakini nidhamu ya shule imemnyoosha. Mwenyekiti aliwaonyesha mkeka wa ofisi yake na kusema ni matunda ya mradi. Mwanasha hakuwepo. Alikuwa uani, amekaa kizingitini na miyaa, anamngoja binti yake aishiwe kete za mkononi ili amtume dukani.