Masuke ya Severina Yalilala Kushoto

Asubuhi ile Severina alikuwa ameketi penye ubao wake karibu na dirisha, unga umempanda hadi viwiko, akifunga kulurjoni, vifuko vya unga vya kuchemsha, mshono kwa vidole. Bachisio, mumewe, alikuwa anatafuta kofia.

"Iko kichwani," Severina akamwambia bila kuinua macho.

Akajigusa. Kweli, iko kichwani.

"Umeolewa na mzee."

"Nimeolewa na mbuzi. Nenda, wenzako wanakulilia."

Bachisio akasimama kidogo mlangoni, akivitazama vile vifuko vya unga vilivyonona kwa viazi, jibini na mnanaa. Akameza mate. Oktoba ilikuwa imeingia, wageni wa likizo wamesharudi makwao, basi akaomba wazile wenyewe mchana huo. Severina akamjibu neno, akacheka, akaendelea kushona. Bachisio akashika njia ya malishoni akinung'unika.

Aliporudi alimkuta amelala kwenye mnanaa wa bustani, kikapu pembeni. Moyo ulikuwa umesimama. Kulurjoni zilikuwa zimeshatiwa kwenye friza.

Severina hakuwa na makuu. Alizaliwa nyuma ya kanisa, akaolewa mbele ya kanisa. Bahari ambayo watu huvuka nchi kuja kuiogelea, yeye aliitazama kutoka mlimani tu, akasema inatosha. Watoto hawakujaliwa. Na alikuwa mashoto.

Kijijini kwao kila mwanamke ana mkono wake. Kulurjoni hufungwa kwa kufinywa, kunjo juu ya kunjo, mpaka mshono utokeze kama suke la ngano. Ukiletewa sahani, unajua imetoka jiko gani. Masuke ya wote hulala kulia. Ya Severina yalilala kushoto. Mama yake alimchapa vidole, vidole havikusikia. Wenzake wakamtania hadi uzeeni kwamba ngano yake imepigwa na upepo wa kinyume.

"Zikishafika tumboni zinashika njia moja," alikuwa akiwajibu.

Alipoanza kuwakaribisha wageni mezani pake, watu walicheka. Nani aache samaki wa pwani, apande mlima kula viazi vya wachungaji? Wakapanda. Aliwafunga aproni, akawatia mikono kwenye unga, na hakuna aliyeondoka na njaa.

Alipozikwa, majirani walimlisha Bachisio, kwa kuwa nyumba ya msiba haiwashi jiko. Zikaja supu, zikaja kulurjoni. Alikula, akashukuru, na alishukuru kwa moyo. Ila kila sahani aliigeuza kwanza akitafuta suke lililolala kushoto, asilione. Lilibaki kwenye friza tu, mfuko mmoja. Hakuugusa. Mfuko ule ukiisha, basi, mkono wa Severina umekwisha duniani.

"Bachisio, friza si kaburi," Vissenta, jirani wa ukuta mmoja, alimwambia siku ya Pasaka.

"Na mdomo si kengele," akamjibu.

Kiangazi kilipoingia, akasikia hodi. Alikuwa Maaike, Mholanzi aliyewahi kuja likizo zamani, akapika na Severina wiki nzima.

"Mjomba Bachisio! Shangazi yuko wapi? Nimekuja na njaa ya miaka!"

Bachisio akausukuma mlango wazi. Akamwonyesha picha juu ya kabati na taa iliyowaka mbele yake. Maaike akaketi kizingitini, akalia kama mtoto wa nyumba ile.

Bachisio akamletea mkate na jibini. Maaike akala, akasema ni tamu sana. Mzee akatazama mkono ule unaookota makombo. Penye meza hii, mgeni wa Severina, mkate mkavu! Akaona haya. Akainuka, akafungua friza, akatoa mfuko. Aliushika mpaka vidole vikamuuma kwa baridi. Kisha akaumimina wote kwenye maji yanayochemka.

Walikula polepole. Bachisio alilaza ulimi juu ya kila suke kabla ya kuling'ata. Sahani zikabaki tupu, nyekundu kwa nyanya.

"Zilikuwa za mkono wake," akasema. "Za mwisho."

Maaike akaacha uma. "Mjomba! Kwa nini umenipa?"

"Ulikuwa na njaa."

Maaike akainuka. Halafu akauliza kama unga upo, kama viazi vipo. Mnanaa alikwenda kuuchuma mwenyewe. Ulikuwa umechipua upya. Donge alilisukuma nene mno, na Bachisio akamwambia. Kisha akaanza kufinya, na Bachisio akasogeza kiti.

"Wewe si mashoto. Chumvi uliinyunyiza kwa kulia."

"Mimi wa kulia, Mjomba."

"Mbona unashona kwa kushoto?"

"Kwani si ndiyo desturi?" Maaike akamtumbulia macho. "Shangazi alinionyesha hivi. Kwetu nimewafundisha dada zangu, majirani, kwaya nzima ya kanisa. Wote nimewakazia: hizi ni za mkono wa kushoto, mkitumia wa kulia mnaharibu!"

Vissenta, aliyenusa mchuzi akaja, aliinama juu ya ubao. Akajishika kifua.

"Severina, yule mjanja! Aliona mtoto anakosea, akanyamaza."

"Akanyamaza," Bachisio akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akacheka, machozi yakimtiririka. Kwaya nzima, huko kaskazini, masuke yote yamelala kushoto.

Jioni Maaike alipokwenda kupanda basi, Bachisio alimbusu mikono yote miwili. Vissenta akauliza kama azitie hizi mpya kwenye friza.

"Hapana. Weka maji jikoni. Na wewe kaa ule."

Bachisio akaketi kwenye kiti cha Severina, pale dirishani. Asubuhi ile ya mwisho, alipoomba wazile wenyewe, Severina alikuwa amemjibu hivi: "Hizi za wageni, mbuzi wangu. Atakuja mtu tu. Sisi tutakula zitakazofuata."