Mkate Huita

Siku za kupika mkate, Bi Sabiha hakuwa mtu wa kusemeshwa, na nyumba nzima pale Ngamiani ililijua hilo. Alianza kuchapa mayai na sukari baada ya swala ya alasiri, ameketi kwenye kigoda uani, bakuli kalipakata, mchapo mkononi, na macho yake yamekwenda zake mbali, sijui wapi. Ukimwuliza chumvi iko wapi, alikujibu, "Mwezi ujao." Povu likishakuwa jeupe na zito ndipo aliporudi duniani. Akatia unga, akatia hiliki, akamimina kwenye sufuria iliyopakwa samli, akateleka juu ya moto mdogo, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko. Baada ya hapo, basi. Mfuniko haufunuliwi.

Hiyo ndiyo sheria aliyoachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wa kwake. Mkate wa mayai ukifunuliwa kabla ya wakati hunywea, ukalala chini kama kandambili, na hakuna dua ya kuuinua tena. Mkate wenyewe ndio unaokuita. Ukiiva, harufu yake hupenya chini ya mfuniko, ikazunguka uani, ikakufuata huko huko uliko. "Mkate huita," mama yake alikuwa akisema, "kazi yako wewe ni kuitika."

Sasa balaa la Bi Sabiha, na ndilo linalosimuliwa hapa, ni kwamba alikuwa hasikii tena harufu.

Ilianza na mafua. Mwaka juzi, wakati wa masika, homa ilimlaza wiki nzima, na alipoinuka, pua imebaki pambo. Alinusa kitunguu, wapi. Alinusa mafuta ya taa, wapi. Daktari alimwambia asubiri, huenda itarudi yenyewe. Alisubiri. Alijifukiza mvuke wa mchaichai, akatia mafuta ya habasoda, akasoma dua zote alizozijua na nyingine alizofundishwa na mashoga zake kwa ajili ya maradhi mengine kabisa. Pua ikawa kama nyumba iliyohamwa.

Hakumwambia mtu. Hakumwambia mumewe Yasini, wala binti yake Najat. Watu watasema ni kiburi, na kidogo kilikuwapo, kwa nini tumtetee? Mtu aliyepikia harusi za Ngamiani, Chumbageni na Mabawa hawezi kwenda kutangaza kwamba hanusi. Mpishi asiyenusa ni sawa na mwadhini aliyekaukwa na sauti. Lakini maneno ya watu hayakuwa hofu yake kubwa. Alichoogopa ni huruma. Aliwajua watu wake: wangempenda mpaka wamnyang'anye jiko. Najat angesema, "Mama, pumzika sasa," na angepumzishwa mchana kutwa, akiletewa chai na mkate wa dukani, mpaka siku ya kufa kwake.

Basi akawa anaishi na harufu zake ndotoni. Adhuhuri, jua linapoichoma mitaa mpaka baiskeli zote zikaegeshwa na paka wakalala chini ya mabaraza, alijinyoosha kitandani kidogo, na usingizi ule mwepesi ulimrudishia vyote. Hiliki ikatwangwa, naye akaisikia. Nguo za mama yake zikapita karibu, zina asumini na moshi wa kuni. Mara nyingine ilikuja harufu ya mvua tu, ile ya matone ya kwanza juu ya vumbi, na alijua ndotoni kwamba anaota, akajitahidi asiamke. Akiamka alikaa kitandani akivuta pumzi ndefu, na chumba kilikuwa kitupu.

Jambo lililompa moyo ni kwamba tangu yamfike hayo hakuwahi kuunguza mkate. Hata yeye alishangaa. Alipika kwa kukisia na kwa kumtaja Mola, na kila alipofunua aliukuta umeiva sawasawa, rangi ya dhahabu, umeumuka hadi ukingoni. Alishukuru, akasema ni bahati.

Bahati hiyo ingekuwa kamili kama si Yasini. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na miaka yote kazi yake aliifanya barazani, mbele ya nyumba, kama wanaume wenzake. Lakini karibu wakati ule ule wa mafua, mzee yule alizuka na jambo jipya. Siku za mkate aliziacha baiskeli za watu mbele, akachukua gurudumu moja tu, akapita nalo ukumbini mpaka uani, akaketi kando ya kopo la mrehani, akawa anakaza spoku mojamoja. Alisema mwanga wa barabarani unamuumiza macho. Uani ni kwa wanawake, kila mtu anajua, na watu wa baraza hawakumwacha hivi hivi. Abdulghani, muuza mkaa wa jirani, alisema Yasini kabakiza kujifunga kanga tu. Yasini alicheka nao, akabeba gurudumu lake, akaingia.

Na huko uani alikuwa na kiu isiyo na adabu. Kila Bi Sabiha anapotega fikra zake zote kwenye ule mkate, Yasini alikohoa kidogo, akasema, "Mama Najat, naomba maji."

Mtungi ulikaa jikoni, ubavuni mwa jiko. Bi Sabiha aliinuka akinung'unika, akamchotea, akampelekea. Kisha alijiambia kwamba maadamu ameshainuka, bora akautazame mkate. Ndipo anapofunua, na kuukuta tayari. Miezi ikapita hivyo. Alimshukuru Mungu kwa mkate na kumlaumu mumewe kwa kiu.

Kisha Najat akaja kujifungua. Kwao, binti wa uzazi wa kwanza hulelewa kwa mama yake mpaka arobaini itimie, ndipo anaporudishwa kwa mumewe. Naye harudi mikono mitupu. Hutanguliwa na mkate wa mayai uliopikwa na mama yake mzazi, na mama mkwe huukata mbele ya watu. Ukitoka mzuri, husemwa kwamba mama kamtoa mwanawe kwa moyo mweupe. Ukitoka umeungua au umenywea, hapana atakayesema neno, na hilo ndilo baya zaidi.

Mtoto alikuwa wa kiume, Rahimu, mwenye nyusi kama zimechorwa. Wageni walikuja, wakambeba, wakazamisha pua shingoni mwake, wakafumba macho. "Mashallah, harufu ya peponi hii," walisema. Bi Sabiha naye alimbeba mjukuu wake, akainamisha uso pale pale shingoni, akavuta pumzi, akasema maneno yale yale. Alikuwa anasema uongo. Alisikia joto la ngozi na vinyweleo laini, na zaidi ya hapo hakusikia kitu, na ule uongo mdogo ulimuuma kuliko yote aliyopoteza.

Siku chache kabla ya arobaini aliamua kupika mkate wa majaribio. Yasini siku hiyo hakuwapo, alikwenda Pongwe kwenye maziko. Najat amelala chumbani na mtoto, kafungiwa mlango, udi unafuka ndani mchana kutwa. Bi Sabiha aliteleka mkate, akapalia makaa, akaenda kuanika winda za mtoto kwenye kamba upande wa pili wa uani. Upepo ulikuwa unazijaza zile winda na kuziachia, unazijaza na kuziachia, nyeupe zote, naye akasimama akizitazama na mawazo yakaondoka. Aliwaza Najat alivyokuwa mdogo. Aliwaza mikono ya mama yake.

Sauti ikamjia kutoka juu ya ukuta. Ni Leticia, jirani yake, Msambaa wa Lushoto aliyeolewa mjini, mwimba kwaya kwa Walutheri, na ndiye anayemletea mayai ya kienyeji.

"Bi Sabiha, shikamoo. Kuna nini huko? Kwako kunaungua."

Aligeuka. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kimyakimya. Alipofunua mfuniko, alikuta jambo jeusi lisilotazamika.

Alisema usingizi ulimpitia. Leticia, ambaye utani kwake ni kama chumvi, alijibu kwamba hajapata kumwona mtu aliyepitiwa na usingizi kasimama wima, winda mkononi. Kisha akaangaza macho uani, akasifu mrehani, akauliza unapewa dawa gani, maana kiangazi hiki wa kwake umekauka na huu umekuwa kichaka. Bi Sabiha alicheka naye, kisha akaenda kulitupa lile jambo jeusi kabla Najat hajaamka.

Jioni ile alikwenda hadi mlangoni kwa Najat akiwa amekusudia kusema. Amwambie akaagize mkate kwa mtu mwingine, kwamba mama yake hawezi tena. Alimkuta anakunja vinguo vya mtoto. Najat akainua uso, akacheka, akasema mama mkwe kapiga simu na kaulizia mkate kabla hajamwulizia mjukuu. Bi Sabiha alilimeza neno lake. Akamsaidia kukunja vile vinguo.

Siku ya kupika ikafika, na kesho yake ndiyo safari ya Mabawa, kwa wakwe wa Najat. Yasini alikwisha kurudi. Akaja na gurudumu lake, akaketi pale pale kando ya mrehani. Bi Sabiha alichapa mayai mpaka bega likamchoma, akamimina, akateleka, akapalia. Kisha akaketi akiukabili ule mlango wa jikoni kama mtu anayemsubiri mgeni, asijue atatokea njia gani. Alivuta pumzi. Hamna. Alimwita mama yake moyoni. Kuku wa Leticia alilia ng'ambo ya ukuta, spoku ikalia chini ya vidole vya Yasini, alasiri ikawa ndefu na laini, na Bi Sabiha akaona machozi yanamkaribia. Ainuke sasa? Angoje? Akiinuka mapema utanywea. Akichelewa ni lile jambo jeusi.

"Mama Najat," Yasini akakohoa. "Naomba maji."

Hasira ilimpanda mpaka kichwani. Leo, siku zote hizi, leo? Lakini maji hanyimwi mtu. Aliinuka, akachota, akampa kikombe bila kumtazama, akarudi jikoni. Maadamu ameshainuka, akafunua. Mkate ulikuwa umeiva. Ulijaa sufuria, juu umeshika rangi ya asali, na alipouchoma kwa kijiti cha chelewa kilitoka kikavu. Aliupangua moto, akauepua, akageuka kwa furaha amwambie mumewe.

Alimwona kutoka pale mlangoni. Yasini alikuwa ameinama, anayamwaga yale maji yote kwenye mrehani, taratibu, asije akatimua udongo. Hakuyagusa na mdomo. Alipomaliza akakiweka kikombe chini, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua, kama afanyavyo kila mtu aliye karibu na mkate ulioiva.

Bi Sabiha akasimama pale pale. Mrehani ulikuwa umekuwa kichaka. Siku ya Pongwe hakuna aliyeomba maji, na mkate uliungua.

Alirudi ndani taratibu. Kwanza aliona haya, haya za kutaka ardhi ipasuke, kwamba miezi yote alijificha, na yule aliyekuwa akimficha alikuwa anamtazama. Kisha haya zikaondoka, pakabaki kitu ambacho hakukipatia jina. Mtu huyu kachekwa na baraza zima. Kaambiwa ajifunge kanga. Na yeye mwenyewe, mkewe, kamnung'unikia kwa kila kikombe. Alimpenda Yasini saa ile kuliko siku aliyoolewa, na alilia juu ya mkate wa watu, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaufunika. Wakilizungumza, wangeanzia wapi?

Asubuhi bajaji ilisimama nje. Mkate ulikuwa juu ya sinia, umefunikwa kawa. Najat alitangulia kutoka, kajifunga kanga mpya na kujifukiza udi, akiagana na majirani barazani. Bi Sabiha alibaki ukumbini na mtoto mikononi, na Yasini kasimama kando yake akishikilia kifurushi cha nguo. Ilikuwa mara ya mwisho kumbeba akiwa mtoto wa nyumba hii.

Akainamisha uso shingoni mwake, na safari hii hakusema yale maneno.

"Baba Najat," alisema kwa sauti ndogo. "Ananukia vipi?"

Yasini alimtazama mkewe, akakiweka kifurushi chini. Kisha yule mzee wa maneno machache akainama, akaingiza pua kwenye shingo ya mjukuu wake, akakaa huko muda.

"Maziwa," alisema. "Na udi, wamemfukiza sana huyu. Na huku nyuma ya sikio..." Akanusa tena, asije akakosea. "Huku ananukia kama Najat. Siku ile tuliyotoka naye hospitali na mvua, umemviringisha kwenye kanga yako iliyolowa."

Bi Sabiha akafumba macho. Kanga iliyolowa alikuwa anaikumbuka, na mvua, na kile kichwa kidogo chini ya kidevu chake. Harufu ikaja. Haikupitia puani, lakini ilikuwa yenyewe, na aliivuta mpaka Najat alipoita kutoka nje kwamba dereva anangoja.

Bajaji ilipokata kona kuelekea Mabawa, majirani wakatawanyika. Yasini akaketi barazani kwake, akavuta baiskeli ya mtu, akakohoa kidogo.

"Mama Najat, naomba maji."

Bi Sabiha akayaleta, akasimama mbele yake mpaka alipoyanywa yote.