Sauti ya Profesa Dativa

Chuoni Dar es Salaam Dativa walimwita Profesa Likwata. Kiswere, alikoolewa dada yake Justa, walimwita mdogo wa Justa, na jina hili la pili ndilo aliloliona lake hasa. Baba yao aliteremka kutoka uwanda wa Makonde kufanya biashara ya korosho, akapanga vyumba viwili Lindi mjini, akafia hapo hapo. Mama alikuwa ametangulia. Justa alikuwa na miaka kumi na sita, Dativa saba. Justa aliacha shule bila kushauriwa na mtu, akaanza kukaanga samaki karibu na stendi, na kwa samaki hao akamsomesha mdogo wake mpaka akafika mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kufika. Jioni alimpa vipande vya magazeti ya kufungia samaki amsomee. "Soma yote," alikuwa akisema, "hata hapo palipoloa mafuta."

Wenzake wa idara ya mawasiliano waliandika juu ya uchaguzi na redio za mjini. Dativa alichagua afya, na alichagua kwao. Mwaka walipoletewa mabinti chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, aliwaona wazazi wa Kiswere wakiwatoa watoto shuleni, kisa sauti ya mwanamume asiyejulikana iliyozunguka kwenye simu ikidai chanjo inafunga uzazi. Dativa alipita nyumba kwa nyumba siku nne. Waliobadili mawazo walikuwa watatu. Akarudi chuoni na hasira, akaandika mradi, akaomba kibali, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha vikundi vya wanakijiji namna ya kuipima habari kabla ya kuiamini.

Somo lake lilikuwa na maswali manne. Nani anasema? Amejuaje? Anafaidika nini nikimwamini? Na je, yuko mwingine ninayemwamini anayesema hivyo hivyo? Kikundi cha Miteja, chini ya mwenyekiti wao mzee Abilahi, mkulima wa ufuta, kiliyashika maswali hayo mpaka kikayaimba kwenye mkutano wa kijiji. Dativa alirekodi wimbo ule kwenye simu, na kila alipochoka aliusikiliza.

Mwaka wa pili alikwenda Tingi. Safari hii alitaka watu wafanye mazoezi, si kusikiliza tu, kwa hiyo alitengeneza sauti ya uongo kwa makusudi. Mwanzoni alisema: "Hii ni sauti ya mfano. Ni ya uongo. Isikilizeni mtafute makosa." Kisha akaendelea kwa dakika moja na nusu: yeye ni profesa, amechunguza miaka mingi, vidonge vya presha vinaua figo taratibu, ndiyo maana miguu inavimba na mtu anakwenda haja ndogo kila saa, viacheni, chemsheni majani ya mstafeli. Habari za miguu kuvimba alizichukua kwa dada yake, ambaye alimeza vidonge hivyo na alilalamika hivyo kila walipoongea. Alizitia humo ili uongo ufanane na kweli.

Darasani, kwenye madawati ya watoto, watu wa Tingi waliyapata makosa yote. Walicheka, wakapiga makofi. Mwishoni mama mmoja akanyoosha mkono.

"Mama Profesa, tutumie hiyo sauti basi. Tukafundishe na nyumbani."

Lightness, mwanafunzi wake wa uzamili aliyekuwa akimsaidia, alimnong'oneza: "Prof, ngoja kwanza. Onyo liko mwanzoni tu. Turekodi upya, tuliweke na katikati."

Dativa akatazama saa. Gari lilikuwa linasubiri, na watu walikuwa wamekaa tangu asubuhi. "Watalisikia," alisema. "Ndilo neno la kwanza kabisa." Akaituma.

Miezi mitano baadaye, akisahihisha mitihani ofisini, alipigiwa simu na Ridhiwani, mhudumu wa afya ya jamii wa Miteja.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Ridhiwani. Habari za Miteja?"

"Siyo nzuri sana. Wagonjwa wa presha hawaji zahanati. Tulikuwa nao sitini na zaidi. Mwezi huu wamekuja kumi na mmoja. Nikiwafuata majumbani, wananiambia wewe umewakataza."

"Mimi?"

"Nimekutumia. Sikiliza."

Aliifungua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, tulivu, ile anayoitumia darasani. "Ndugu zangu, mimi ni profesa..." Sekunde nane za mwanzo, zenye onyo, hazikuwepo. Juu yake palikuwa na maandishi kwamba ujumbe huo umesambazwa mara nyingi.

Siku hiyo hiyo alirekodi sauti ya kukanusha, akajitaja jina, akaeleza mkasa wote, akaituma kila mahali alipoweza. Kabla ya saa kumi majibu yakaanza kurudi. Wamemtisha. Wenye viwanda vya dawa wamemnunua. Msikilizeni anavyotetemeka.

Ni kweli alikuwa anatetemeka.

Alikwenda Miteja mwenyewe. Kwanza alijaribu kumpata aliyeikata sauti, akimuuliza kila mmoja aliipata kwa nani. Mkulima aliipata kwa shemeji yake, shemeji kwa katekista, katekista kwa mwalimu wa madrasa wa kijiji cha pili, mwalimu kwa muuguzi mstaafu. Kila mmoja alikuwa ameipokea kwa mtu anayemheshimu. Muuguzi alionyesha namba ambayo haikupatikana tena, na hapo njia ikaishia.

Mzee Abilahi alimpokea barazani kwake kwa furaha isiyo na mashaka yoyote.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Karibu sana. Tumekusikia, na tumetii."

"Mzee Abilahi, ile sauti ni ya uongo. Niliitengeneza mimi iwe ya kujifunzia. Kuna mtu amekata mwanzo wake."

Mzee aliikunja kofia yake magotini akawaza. Hakuwa mtu wa kubisha ovyo.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sisi hatukuipokea kijinga. Tulikaa kikundi kizima, tukauliza maswali yako. Nani anasema? Ni wewe, tunakujua. Umejuaje? Umesoma, na miguu inavimba kweli, hata yangu ilivimba. Unafaidika nini? Huuzi kitu, majani ya mstafeli tunayo bure. Yuko mwingine anayesema hivyo? Wako wengi, na watu wa dini wamo. Sasa utuambie, swali gani tulikosea?"

Dativa aliyapitia maswali yote manne kichwani, moja moja.  Ridhiwani, aliyekaa pembeni na mashine yake ya kupimia presha, aliinamisha kichwa.

"Hamkukosea," alisema Dativa. "Lakini ni ya uongo. Naomba urudie vidonge, mzee."

"Inshallah," alisema Abilahi kwa upole, kwa namna ambayo mtu wa pwani anaijua vizuri.

Akiwa njiani kuondoka ndipo wazo lilipomjia. Dada yake naye ana simu. Akapiga.

"Dada, unameza vidonge vyako?"

"Mdogo wangu we, si ulisema tuache? Niliacha tangu mwezi ule niliposikia sauti yako. Sijambo kabisa."

Hakurudi Dar. Aliunganisha hadi Kiswere, akamkuta Justa jikoni, amekaa kwenye kigoda, karai la mafuta motoni. Mary, bintiye Justa, alikuwa akiparua magamba ya samaki mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Mary. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda?" Justa alimtazama kwa furaha. "Kaa. Utakula kolekole au changu?"

Dativa alikaa chini kwenye mkeka, akaeleza. Alieleza taratibu, akarudia, akamsikilizisha sauti nzima aliyokuwa nayo, na zile sekunde nane za mwanzo. Justa alisikiliza hadi mwisho, akigeuza samaki.

"Hayo maneno ya mwanzo yameongezwa," alisema.

"Dada! Yalikuwepo. Niliyasema mimi."

"Sauti yako naijua tangu ulipokuwa unalia usingizini. Ile niliyoisikia mimi ilikuwa inatoka moyoni. Ulisema habari za miguu. Nani mwingine angejua habari za miguu yangu? Nikasema, mdogo wangu anasema na mimi." Akaepua karai. "Hii ya leo umeogopa. Wamekutishia kazi, eti? Niambie tu, mimi sitamwambia mtu."

"Hakuna aliyenitisha. Mimi ndiye niliyekosea. Nilifanya haraka."

"Wewe hukosei," alisema Justa. Alilisema kama neno la kumfariji, na lilimuuma Dativa kuliko tusi.

Alikaa Kiswere siku tatu. Alimwita mganga wa zahanati, akaja, akampima Justa, akaonyesha namba kwenye mashine na kueleza maana yake. Justa alimshukuru, akampa samaki wawili wa kwenda nao. Miguu yake ilikuwa haivimbi, alisema, na alilala usiku mzima bila kuamka kwenda chooni. Angeaminije kwamba anaumwa? Siku ya tatu, Dativa akilia, Justa alimpangusa machozi kwa ncha ya kanga.

"Basi, basi. Nitameza. Nenda kawafundishe watoto wa watu."

Wiki mbili zilipita. Mary alipiga simu asubuhi, Dativa akiwa mbele ya wanafunzi. Mama alianguka jikoni, mdomo umekwenda upande, hasemi. Walimpeleka Lindi kwa gari la jirani. Dativa alimkuta hai, jicho moja limefunguka. Alimshika mkono wa kushoto, uliokuwa bado na nguvu, na Justa akaukaza mara moja. Kama alitaka kusema kitu, hakuna aliyekijua. Siku ya nne alifariki.

Msibani, wakikunja nguo za marehemu, Zakia, jirani aliyekaanga samaki pamoja na Justa miaka mingi, alipata karatasi ya vidonge kwenye mfuko wa gauni. Viwili vilikuwa vimetolewa. Wanawake wakaipokezana. Dativa aliitazama, akaelewa: dada yake alimeza viwili kwa ajili yake, akachoka.

Zakia alikuja kukaa karibu naye mkekani, akamshika bega.

"Pole, mama. Ungekuwa karibu asingevirudia," alisema kwa huruma ya kweli. "Alikuwa mzima kabisa alipokuwa ameviacha. Ulimwonya mwenyewe. Akavirudia, ona sasa."

Mkekani palikuwa na wanawake kama ishirini. Wote walitikisa vichwa. Dativa alisema, "Sivyo, Zakia. Ni kuacha ndiko kulikomuua." Akaanza kueleza tena, tangu darasa la Tingi, lakini katikati ya maneno aliona wanavyomtazama, kama watu wanavyomtazama mfiwa aliyechanganyikiwa. Mmoja akamletea maji. Akayapokea, akayanywa.

Mradi ulisimamishwa mwaka huo. Chuo kilimwomba maelezo, akaandika kurasa sita bila kujitetea popote. Lightness alitaka kuandika tasnifu yake kuhusu mkasa ule, akaja kuomba ruhusa akiwa na aibu, na Dativa akampa. Sauti yenyewe iliendelea kusafiri. Ilifika Mtwara, ikafika Songea, sasa ikiwa na picha yake aliyopigwa siku ya mahafali. Alizoea kupigiwa simu na watu wasiomjua, wakimshukuru. Mwanzoni aliwaeleza kila mmoja. Baadaye aliwaeleza waliokuwa na nafasi ya kusikiliza. Ridhiwani aliendelea kupita majumbani Miteja na mashine yake, na kila mwisho wa mwezi alimtumia hesabu ya wagonjwa waliorudi: kumi na wanne, kumi na watatu, kumi na saba, kumi na watano. Mzee Abilahi hakuwa miongoni mwao.

Likizo ya Desemba Dativa alikwenda Kiswere kujengea kaburi. Alimchukua Mary zahanati, akapimwa, presha ikaonekana nayo iko juu, na umri wake miaka thelathini na mbili tu. Mganga alimpa vidonge na maelekezo. Mary alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavitia kwenye pochi na kuifunga zipu. Walirudi nyumbani kwa miguu, wakizungumza juu ya saruji na bei ya kokoto. Dativa hakumuuliza kama atavimeza. Alijua angejibiwa ndiyo.