Harusi ya Ng'ambo ya Korongo

Mume wangu Silvano hakuwahi kuwa na saa, na Ipagala nzima tuliishi kwa saa yake. Alikuwa mpiga kengele wa kanisa letu la Katoliki. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mgunga, na nyundo aliilaza chini ya kitanda chetu, utadhani kuna mwizi anayeivizia. Aliipiga alfajiri, adhuhuri na jioni. Hata Wasiemesi wa ng'ambo ya korongo, ndivyo tulivyowaita Waanglikana, waliotusema kwamba sisi Waroma tunaabudu sanamu, wakiisikia reli ya Silvano mchana walitua majembe wakaenda kula. Dini mbili, njaa moja.

Kulikuwa na mlio wa kila siku, tatu, tatu, tatu, wa sala ya Malaika wa Bwana. Halafu kulikuwa na mlio wa harusi. Huo haukuwa na kupumzika. Aliipiga reli kulia na kushoto mpaka shati limgande mgongoni, na mbuzi wote wa jirani wakimbie. Binti yetu Tereza alipokuwa mdogo alipenda kukaa kwenye mzizi wa ule mgunga kumtazama, na baba yake alimwambia, "Mama, yako nitaipiga mpaka mpini ukatike." Alimwita Mama kwa kuwa tulimpa jina la nyumbani la mama mzazi wa Silvano. Mimi nilimwita Tereza. Nikikasirika sana, na Silvano hayupo, nilimwita kwa lile la mama mkwe, nikapata kuwagombeza wote wawili kwa mkupuo.

Basi Tereza akakua, akampenda Kefa. Kefa alikuwa mtoto wa ng'ambo, Msiemesi wa kuzaliwa. Alikuwa ameendesha trekta kwenye mashamba ya karanga ya Kongwa, na karanga za Waingereza zilipokufa alirudi na buti zake na kazi ya kuendesha greda la barabara ya serikali. Kijana mwenye adabu. Akikuamkia anavua kofia kwanza, ndipo aseme shikamoo. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, hakuwa tayari kubadili dini. Na Tereza akasema atamfuata Kefa huko huko kwao.

Ninyi wa siku hizi mtacheka, maana sasa mnazikana na kuozana bila kuulizana umebatizwa wapi. Enzi zetu Mkatoliki hakutia mguu kwenye ibada ya Wasiemesi. Ilikuwa dhambi, na binti aliyekwenda kuolewa kule alinyimwa Komunyo. Wengi wetu tulishika sheria za kanisa kama tulivyolipa kodi ya kichwa, tukinung'unika. Silvano alizipenda. Alikuwa yatima, akalelewa na misheni, na kwake zile sheria zilikuwa baba na mama. Sasa binti yake wa pekee anatoka humo mchana kweupe, na yeye anaitwa aende kumsindikiza.

Angepiga kelele ningejua la kufanya, kwa kelele simshindwi mtu. Alinyamaza. Akawa anamega ugali wa uwele, anauchovya kwenye mlenda, anausahau mkononi. Ng'ombe wa mahari walipokuja aliwapokea pamoja na ndugu zake, akawaangalia meno kama kawaida. Nikamwambia, "Ng'ombe wa Wasiemesi umewapokea, Baba Tereza. Hao hawana dhambi?"

"Ng'ombe hawabatizwi, Mama Tereza."

Siku moja akaenda mjini kwa miguu, akarudi na kitambaa cheupe kutoka duka la Vithaldas, kizuri, cha kung'aa. Akaniwekea mapajani. "Kanisani kwao sitaingia," alisema. "Ila mtoto wangu haendi kuolewa kama aliyeokotwa njiani." Akatoka nje upesi. Nilikishika kile kitambaa nikamwonea huruma.

Kasisi wao kule ng'ambo alikuwa Yotham, naye alichunga ndama pamoja na Silvano walipokuwa wadogo, mmoja akaangukia misheni hii, mwingine ile. Alikuja nyumbani kwetu wiki ya harusi. Walikaa kwenye vigoda nje ya tembe, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za magoti.

"Silvano," Yotham akasema mwishowe, "kwetu kuna swali. Kabla ya viapo nauliza, nani anamtoa binti huyu. Baba yake hujibu, akanipa mkono wa binti, ndipo naendelea."

"Muulize mjomba wake."

Tereza alikuwa ndani anatwanga. Mchi ukanyamaza. Akatokea mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, akapiga goti. "Kasisi, nisamehe. Mjomba asijibu. Baba yangu hajafa."

"Na asipokuja, mwanangu?"

"Uliza hivyo hivyo. Nitasimama na kimya changu."

Silvano alitazama chini. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nilisema moyoni, ukaidi huu haukutoka kwetu. Yotham alichukua fimbo yake akasema, "Basi nitauliza, na sitaendelea mpaka nijibiwe." Akaaga. Tangu saa ile sikula wala sikulala vizuri, kwa maana nilijua wote watatu ni watu wa kusema jambo na kulitimiza, na mtoto wangu angeweza kurudi kutoka kanisani bila mume, mbele ya macho ya Ipagala yote.

Mimi nilikwisha kuamua kwenda. Nilimwambia Padri mapema kwamba nitakwenda harusini na baadaye nitakuja kuungama. Akaniambia, "Emilia, huwezi kuungama dhambi ambayo hujaitenda." Nikamwambia, "Basi Padri, tutaonana Jumapili."

Ikafika Jumamosi yenyewe, mwezi wa nane, upepo na vumbi letu lile lile la kila mwaka. Tereza alitoka chumbani amevaa kitambaa cha baba yake. Silvano alikuwa amekaa uani ananoa jembe, na jembe lenyewe halikuwa na kazi, mavuno yalikwisha ingia ghalani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Akasimama, akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kama alivyomchora kila asubuhi tangu anyonye. Akachukua jembe akaelekea shambani, kwenye shamba tupu. Tereza alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya mabua makavu ya mtama, kisha akanishika mkono tukavuka korongo.

Kanisa la ng'ambo lilikuwa la matofali mabichi na bati juu, madirisha makubwa ya mbao, yasiyo na kioo. Nilikaa benchi la nyuma na rozari yangu nimeificha ndani ya kanga, ili Mama Maria na mimi tujue kwamba tumekuja kutembea tu. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Kefa alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono mirefu kuliko yake. Tereza alisimama kando yake wima kabisa.

Yotham akauliza. "Nani anamtoa binti huyu aolewe na kijana huyu?"

Bati likagonga kwa upepo. Kaka yangu, yaani mjomba, akakohoa, akanitazama, nikamtolea macho akainamisha kichwa. Yotham alisubiri. Watu wakaanza kugeuka kwenye mabenchi, mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, na nikauona mgongo wa mwanangu, kile kitambaa cheupe, unatetemeka kidogo. Kefa akataka kumshika, akasita. Yotham akauliza tena, polepole zaidi, na sauti yake haikuwa ya kasisi tena, ilikuwa ya mtu anayemwita mwenzake malishoni.

"Mimi."

Kanisa zima liligeuka. Silvano alikuwa nje, dirishani, amevaa shati lake la Pasaka, kofia kifuani. Shati lile nililiacha sandukuni asubuhi, kwa hiyo alirudi nyumbani sisi tulipokwisha ondoka. Hata kiwiko hakukiweka kwenye ukuta wao.

"Silvano," Yotham akasema, "ingia basi, ndugu yangu."

"Siingii, Yotham. Unajua siingii. Umeuliza nani anamtoa. Ni mimi, baba yake."

Nilidhani sasa kutakuwa na mabishano, wanaume hawa wawili na sheria zao. Yotham alifunga kitabu chake akakitia kwapani. Akamshika Tereza mkono, akamwambia Kefa, "Njoo." Akawaongoza katikati ya mabenchi, watu wakivuta miguu kuwapisha, na harusi yote ikahamia dirishani.

Tereza alinyoosha mkono nje. Silvano akaitia kofia kwapani, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. Akaushika. Tukangoja. Akaendelea kuushika, anautazama, anakipitisha kidole gumba juu yake kama mtu anayetafuta mwiba.

"Silvano," Yotham akasema taratibu, "inabidi umwachie."

"Najua."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nililia pale benchini bila haya, Mroma peke yangu katikati ya Wasiemesi, na yule mama aliyekuwa ananong'ona akanipa upande wa kanga yake nifute machozi. Silvano akauinua mkono wa binti yake, akauweka katika mkono wa Yotham. Kefa hakuwa na kofia ya kuvua, akainama. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umtunze. Hapendi kuamshwa kwa kelele."

Halafu nikamwona Silvano anatazama kivuli chake pale chini miguuni. Kilikuwa kimejikunja kabisa, adhuhuri imefika. Akavaa kofia akaondoka, kwanza kwa heshima, kisha mbio, mzee mzima anakimbia kwenye mchanga wa korongo na shati la Pasaka.

Viapo vikaapwa, wimbo ukaimbwa. Tulipokuwa tunatoka mlangoni reli ililia ng'ambo, tatu, tatu, tatu, kama siku zote, na baadhi ya watu wakakumbuka njaa. Ikanyamaza. Nilijua sasa anasali, kofia mkononi. Kisha ikaanza tena.

Wasiemesi walitazamana, wengine wakauliza kuna moto wapi. Tereza alisimama pale pale kizingitini. Kulia na kushoto, kulia na kushoto, bila kupumzika. Mwanangu hakuwa ametoa chozi kwenye swali wala dirishani. Alilia hapo, mdomo wazi, kama alivyolia akiwa mdogo, na Kefa akabaki kuniuliza kwa macho. Nikamwambia, "Ni harusi yenu hiyo, baba. Mnapigiwa." Nami nikapiga kigelegele, na wanawake wa ng'ambo wakanipokea.

Mpini haukukatika. Aliuchonga mwenyewe kwa mpingo, ungepiga harusi mia. Mlio ulikatika ghafla kwa kuwa Padri alitoka nje akamshika mkono.

"Silvano, leo hatuna harusi," Padri akasema. Haya Silvano alinisimulia mwenyewe jioni ile. "Nani kaagiza kengele hii?"

"Mimi, Padri."

Akamweleza yote, dirisha na mkono. Padri hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sheria kama Silvano, ndiyo maana walipendana. Akamwambia atubu. Silvano akasema kusali na Wasiemesi hakusali, na kitendo cha kumtoa binti yake hawezi kukiita dhambi kwenye maungamo, atakuwa anamdanganya Mungu mbele ya mtumishi wake. Basi Padri akamwambia mpaka atakapotubu hatapokea Komunyo wala hatapiga kengele. Silvano akaiweka nyundo juu ya meza ya Padri. Aliifuta jasho kwanza.

Mimi Jumapili niliungama, nikapewa rozari mbili, nikazisali nikiwa napika, yakaisha. Yeye alikaa benchi la mwisho. Wenzake wakienda kupokea, yeye anapisha miguu. Kengele akapewa mzee Methusela, ambaye adhuhuri yake ilikuja anapoamka usingizini, na ugali wa Ipagala uliungua pande zote mbili za korongo. Watu wakanung'unika. Jua likifika utosini Silvano aliacha kazi, akavua kofia, midomo ikachezacheza, tatu, tatu, tatu.

Mvua zilipokaribia Tereza alikuja kututembelea, tumbo limeanza kuonekana. Alipoondoka baba yake alimsindikiza mpaka ukingo wa korongo, akarudi anatabasamu peke yake. Nikaona hapo ndipo pa kumuuliza.

"Baba Tereza, hujuti?"

Alikaa kwenye kigoda, akafikiri kama mtu aliyeulizwa na Askofu. Akaniambia kila siku anamwomba Mungu ampe majuto, na Mungu bado hajampa.